Matairi ya Uvunguni

Mjukuu wangu Hamisi,

Shikamoo yako imenifikia hapa Temeke. Marahaba, mume wangu. Dada yako kajifungua salama.

Waniuliza mbona nakuhimiza ufunge matairi mapya leo, usingoje Idi. Enzi za Mwingereza babangu alikuwa na teksi. Alinunua matairi mapya, akayaweka uvunguni yangojee Idi, huku akitembelea yale vipara. Homa ikamchukua katikati ya Ramadhani.

Asubuhi ya maziko kaka yangu aliyafunga, ili baba ayapande japo mara moja. Wazee wakasema, "Mtu wetu twambeba mabegani." Teksi ikafuata nyuma, tupu, vinyweleo vya mpira bado vimesimama.

Chumba kilinuka mpira mpaka Idi. Mama hakutaka tufungue dirisha.

Bibi yako