Taulo la Bibi Litundikwe Chini

Sereana na Jope,

Nimempeleka Bibi hospitali Nausori. Asubuhi ameteleza bafuni akijinyoosha kufikia taulo lake, maana nyinyi warefu mmelitundika juu kabisa, na sakafuni mmeacha chupa za shampuu na jiwe la kusugulia miguu. Mkono wa kulia umevimba vibaya. Eti ananiambia, “Usiwagombeze, mwanangu, ni uzee wangu tu.” Hapo ndipo nilipolia.

Jope, funga kulabu usawa wa bega lake, upande wa kushoto. Sereana, chupa zote ziingie kwenye kikapu cha ukutani. Na sabuni!

~~Chakula mjipikie.~~ Magimbi yako sufuriani, samaki wa nazi kwenye friji.

Mkimaliza, njooni mumwombe radhi. Atawaambia hamna kosa. Msimwamini.

Mama yenu