Chakula ya watu wane

Neema mujukuu wangu,

Huku Kasha tunapumua. Tonton yako alinunua jogoo ya kutuamsha asubuhi; ni sisi tunaiamsha.

Unaniuliza ninyi walimu mufundishe wanafunzi nini mu somo ya upishi na kushona. Wakati wa Zaïre, wakati kila mutu aliitwa citoyen, mwananchi, niliona examen ya rafiki yangu Faida kwenye lycée yetu. Papa yake alisema akianguka, masomo imekwisha. Alipika bugali na sambaza, samaki ndogo-ndogo ya ziwa, ya watu wane, sawa vile tulifundishwa, akapanga assiette ine, sahani moja kwa kila mutu. Inspecteur wa examen akafika na shofere, na shemeji yake, na wengine waliomufuata njiani.

"Mama wee, haitatosha!" mwalimu wetu akaninong'oneza.

Faida akaondoa assiette zote. Akapindua bugali ku sinia moja, akaweka sambaza katikati, akaleta maji ya kunawa.

"Karibuni, citoyens, tukule pamoja."

Inspecteur akakunja mikono ya koti yake ya abacost. Hakuna aliyejua sehemu yake ni gani, basi hakuna aliyeona imepunguka.

"Citoyenne mwalimu, hii nayo munafundisha?"

"Tangu leo, citoyen."

Faida alipita examen. Basi fundisha vitamini, fundisha kushona. Lakini siku ya examen, ongeza wageni bila kuwaambia wanafunzi.

Ni mimi koko yako, anayepika kila siku kama vile uko njiani.