Rafu Tano za Stoo Mpya na Mtungi wa Bi Hadong

Mimi Ma Chil-bong, katibu, nina miaka themanini na sita. Nimeishi nikaipita vita, njaa ya kungojea shayiri ikomae, vimbunga viwili vilivyobeba paa langu, wenyeviti watano, na makatibu wawili waliosoma kunizidi. Mimi herufi nilizijua nikiwa na miaka sitini na moja, na kalamu imebaki mkononi mwangu.

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA CHAMA CHA WAZEE WA KIJIJI CHA BAEMGOL, KILICHOFANYIKA TAREHE 14 NOVEMBA 2017, SAA NNE ASUBUHI, NDANI YA STOO MPYA YA CHAKULA, NYUMBA YA WAZEE

Waliohudhuria:
Bw. Tak Gwang-sik – Mwenyekiti
Bw. Ma Chil-bong – Katibu, ndiye pia aliyejenga rafu
Bi Hadong – mjumbe, miaka tisini, mwenye mtungi
Bi Gurye – mjumbe na mpishi

Hakuhudhuria: Bw. Pyo, fundi. Alikwenda kung'oa jino. Hakuna aliyemtafuta.

KUMB. NA. 1/11: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alieleza kwamba zimebaki siku kumi kijiji kizima kikutane kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa chumvi na pilipili, kwa hiyo mpangilio wa stoo uishe leo. Alikumbusha pia kwamba Jumamosi Bi Hadong anachukuliwa na mwanawe Yong-taek kwenda kuishi Busan, ghorofa ya kumi na nne, na mtungi wake wa mchuzi wa soya hauwezi kupanda huko. Mtungi huo una miaka sitini na minane. Kila nyumba hapa ilianzisha mchuzi wake kwa bakuli moja la mtungi huo. Sasa unaachiwa stoo. Mjumbe mmoja alijifanya anapiga chafya ili asionekane analia. Si Katibu.

KUMB. NA. 2/11: RAFU
Katibu alieleza kazi yake: rafu tano, kutoka sakafuni hadi darini, kuta tatu. Ukuta wa kusini ulikuwa na dirisha. Katibu aliliziba kwa mbao na misumari, akapata nafasi ya rafu mbili zaidi. Chumvi na pilipili kavu aliziweka juu kabisa, mbali na unyevu. Hakuna msumari hata mmoja uliopinda.

Mwenyekiti aliagiza majaribio. Bi Gurye alitumwa chumvi. Alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, vidole vikabaki hewani. Alisema, "Shemeji Ma, stoo hii umemjengea nani? Wewe na nguzo za umeme?"

Katibu alijibu kwamba alipima kwa mwili wake mwenyewe, na akafika rafu zote tano bila kuinua kisigino. Alidai jambo hilo liandikwe. Limeandikwa.

Mwenyekiti alisema, "Kaka Ma, wanachama tuko kumi na tisa. Mgongo ambao haujapinda ni wako peke yako." Katibu alikiri kwamba ni kweli.

KUMB. NA. 3/11: MAHALI PA MTUNGI
Katibu alionyesha pembe ya ndani, chini ya rafu ya kwanza, penye baridi na giza. Bi Hadong, aliyekuwa akimenya vitunguu saumu muda wote, aliweka kisu chini.

"Chil-bong, mdogo wangu, mchuzi si maiti."

Alieleza kwamba mtungi hukaa nje juani; hufunuliwa asubuhi yenye jua na kufunikwa kabla ya mvua. Ukifungiwa humu utaota ukungu kabla ya masika. Katibu alisema hayo anayajua, mchuzi huo ameula tangu ujana. Bi Hadong alimjibu, "Unalijua bakuli. Mtungi huujui."

Alipoulizwa anataka nini, alisema dirisha la kusini lizibuliwe na likatwe mpaka chini liwe mlango. Nje lijengwe jukwaa la mawe la kupangia mitungi. Vitu vikavu vibaki ndani. Kati ya ndani na nje ziwe hatua tatu, asitembee mtu na bakuli barazani kwenye barafu. Na matofali mapya ya soya iliyopondwa, ya kuchachushia mchuzi, yaning'inizwe darini kwa kamba za majani ya mpunga, yapate upepo, hapo hapo zilipo rafu za juu za Katibu.

Katibu alipinga. Kura zilikuwa tatu kwa moja. Katibu alisema kura hazikati mbao. Bi Gurye alitoka, akarudi na msumeno.

KUMB. NA. 4/11: MTU WA KUUFUNUA MTUNGI
Mwenyekiti aliuliza nani ataufunua kila asubuhi. Yeye ana ng'ombe. Bi Gurye alisema yeye husahau hata sufuria iliyo motoni. Katibu alijitolea. Bi Hadong alimtazama toka kichwani hadi miguuni. "Wewe? Uliyelipigilia jua misumari?" Wajumbe walicheka hadi Mwenyekiti akagonga kikombe mara tatu.

Ndipo Katibu aliposema, na asije mwingine akadai kuwa ni yeye: "Shemeji mkubwa, basi baki wewe. Chumba chenye sakafu inayopashwa moto kipo mlango wa pili. Bi Gurye hulala humo majira yote ya baridi, anakoroma bila shahidi."

Bi Gurye alikana kukoroma. Kisha alimshika Bi Hadong mkono. "Dada, miaka sabini tunakuita Bi Hadong kwa kuwa uliolewa ukitoka Hadong. Huko wakuite nani? Bi Ghorofa?"

Bi Hadong alisema mwanawe hatakubali. Mwenyekiti alimpigia simu, wote wakasikia. Yong-taek aliuliza mama atapikiwa na nani, na akianguka je? Bi Gurye alimjibu kwamba yeye hupika milo mitatu kwa siku, na hapa mtu hawezi kuanguka bila watu sita kumcheka kwanza. Halafu Yong-taek aliuliza, "Mama, wewe mwenyewe unataka nini?"

Bi Hadong alisema, "Nataka rafu ninayoifikia."

Yong-taek alicheka. Alisema lori la Jumamosi lije vilevile, ila liubebe mtungi na mama yake na kuishia hapa stoo.

KUMB. NA. 5/11: KIPIMO KIPYA
Bi Hadong alisimama ukutani kama alivyo, mgongo umepinda, akanyoosha mkono. Mkono ulipoishia Katibu alichora mstari kwa mkaa. Ikaamuliwa kwamba hiyo ndiyo rafu ya juu kabisa. Katibu alizikata rafu mbili kwa mkono wake kabla ya chakula cha mchana, mkato umenyooka, Bw. Pyo angetumia siku mbili. Mbao zitakuwa benchi la kuotea jua karibu na mitungi. Bi Hadong alijichukulia chumvi mwenyewe, mara mbili. Mara ya pili hakuna aliyeihitaji.

KUMB. NA. 6/11: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa saba kasoro robo, supu ikiwa mezani.

Tak Gwang-sik, Mwenyekiti (sahihi)
Ma Chil-bong, Katibu (sahihi)

Mwenye shaka amuulize Bi Gurye, ingawa atazipunguza sifa zangu. Amuulize Yong-taek aliyesikia kwa simu. Au aingie stoo mwenyewe: mstari wa mkaa upo ukutani, na mimi kuufikia lazima niiname.