Picha ya Somo la Tatu

Chelangat, dada yangu,

Nimekutoa. Nianze na hilo, maana ukilisikia kwa mtu mwingine utaninunia. Picha yako, ile ya shambani kwa mama yako Sotik, umeshika majani mawili ya chai na chipukizi lake kama mtu aliyeshinda kombe, haiko tena kwenye somo la tatu. Nimeitoa mimi, kwa mkono wangu, na nikalia hapo hapo ofisini kama mjinga.

Wacha nikueleze. Tangu tukuzike, meza yako iko vile vile. Chupa yako ya chai iko. Chai nachemsha ya mtu mmoja na bado naharibu, natia maji ya wawili. Hakuna wa kuniita "mtoto wa ndizi" ati kwa sababu nimetoka Kisii, na mimi sina wa kumcheka kwa mursik yake, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni. Hapa Kericho ni mvua kila alasiri, ni mimi na ile seva inayobeba masomo yetu, inavuma pale kwa kona.

Basi mkubwa akaja akasema masomo yetu ya kompyuta hayana watu. Ati walimu ni wavivu, ati muhula ukiisha tufunge. Kazi yako yote, Chela! Masomo ya sayansi uliyoandika ukiwa hata hujiwezi. Nilishikwa na hasira. Nikafungua kumbukumbu za seva. Unazijua, ulikuwa unazikimbia: kila mwalimu akiiunga kompyuta ya kituo chake kwa waya wa simu, ikapiga simu kwetu na kuomba ukurasa, seva inaandika mstari, ni kituo gani, ni ukurasa gani, umefika wote au laini imekatika. Nikazichapisha, nikakaa nazo siku nzima na kalamu nyekundu.

Watu walikuwepo. Vituo vya Sotik, Longisa, Chepilat. Somo la kwanza wamemaliza, la pili wamemaliza. La tatu, imekatika. Imekatika. Kesho yake kituo kile kile kinarudi, kinakatikia hapo hapo. Huo si uvivu. Lakini somo la tatu ndilo lako tamu kuliko yote, lile la jani. Sikuelewa.

Nikaenda Sotik, nikaketi nyuma ya mwalimu mmoja mzee akilifungua. Aki Chela, ungecheka. Picha ilianza kutoka juu, kidogo kidogo. Mawingu. Mawingu tena. Kitambaa chako. Paji la uso. Halafu laini ikakatika, na somo lenyewe liko chini yako, halijatoka hata neno moja. Mwalimu akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Madam, huyu mama ako na macho kweli?"

Sisi hatukujua, kwa sababu mashine zetu za ofisini zimeungwa moja kwa moja na seva. Kwetu ulikuwa unatokea mara moja, na meno yako yote. Niliwahi kukwambia picha ni kubwa mno, ukanijibu, "Wacha wangoje, sura hii haipatikani kila mahali!" Ukacheka mpaka ukashika mlango.

Nilikaa na hiyo picha wiki nzima kabla ya kuitoa. Ilikuwa kama kukuzika mara ya pili, na safari hii niko peke yangu, hakuna wa kuimba. Niliipa ukurasa wake mwisho kabisa, nikaandika juu: Aliyetunga masomo haya.

Sasa wanapita. Longisa wamemaliza la tatu, wako la tano. Mkubwa ameacha ile habari ya kufunga, masomo yako yanabaki. Na ule ukurasa wako... mwisho wa wiki niliangalia kama kuna aliyekufungua. Mistari ilikuwepo, tena mingi. Nilifurahi, Chela, nikasimama. Halafu nikasoma ni mashine gani. Ilikuwa ya mezani kwangu.

Basi pumzika, dada. Ijumaa nitaenda Chepilat, nipige simu kama wao, nikufungue polepole: mawingu, kitambaa, paji. Ikikatika, nitapiga tena. Siondoki mpaka ufike mdomo.

Ni mimi wako Kwamboka, mtoto wa ndizi.