Kikombe cha Nyongeza

Kwako mama, uliyepumzika Kaengesa,

Leo nimefungua duka letu la Majengo mapema, baridi ikiuma vidole, nikakumbuka ulivyokuwa ukipima maziwa kwa kikombe cha bati. Ukishampimia mteja, unachota tena kidogo ndooni, unamwongezea. “Nyongeza yako hiyo. Msalimie mgonjwa.” Ulijua nyumba ipi ina mgonjwa, ipi ina mzazi.

Kisha mimi, binti yako mjuaji, nikaleta mashine. Tumbukiza sarafu, bonyeza, maziwa yanatoka. Nilitaka upumzishe mgongo, Mungu ni shahidi. Nikakusimulia kwamba mashine za namna hii hazikuanza jana: Myunani mmoja wa kale alibuni moja ya hekaluni, mtu akitumbukiza sarafu anapata maji matakatifu. Ulicheka mpaka ukashika mlango. “Na padri wao alikuwa akifanya nini?”

Hukuipinga. Ulileta kigoda chako, ukakaa kando yake na ndoo na kikombe, na kila ilipokoma wewe ukaongezea. Nikaona aibu. Nikakuambia mbele ya wateja, “Mama, mashine haikosei kipimo,” na jioni nikakificha kikombe kabatini. Siku ya pili ulikitafuta, hukuniuliza. Siku ya tatu ukasema miguu inauma, ukabaki nyumbani. Miguu haikuwa inauma, mama. Nilijua, nikanyamaza. Kabla mahindi hayajakauka shambani, tulikuzika.

Jana alikuja yule bibi wa Mwazye uliyezoea kutaniana naye kwa Kifipa. Nikampa shikamoo yake. Akatumbukiza sarafu, maziwa yakatoka, mashine ikakoma. Yeye akabaki amekinga kidumu.

“Yamekwisha, bibi.”

“Najua, mwanangu. Nangoja ile ya mama yako.”

Nililia palepale, wateja wakinitazama. Nikaenda kabatini, nikakitoa kikombe, nikakisuuza, nikachota, nikammiminia. Akanishika mkono. Leo kikombe kiko juu ya mashine, na kigoda chako ninakikalia mimi.

Nisamehe, mama. Siku zako zilipokoma, nami nilibaki nimekinga mikono pale kitandani pako, nikingoja nyongeza.

Lala salama.

Ni mimi, kitinda mimba wako