Risiti Zote Zina Jina la Kaka

Kaka yangu Kalisti,

Shikamoo. Najua unaisoma hii umesimama mlangoni pa mashine ya kusaga, unga umekujaa kwenye nyusi na wateja wanakupigia kelele. Waambie wasubiri. Hamjambo hapo Mwimbi? Mama ameamkaje? Goti la wifi limepata nafuu? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Japani imeanza kuuma kama ile yetu ya mwezi wa saba. Tofauti ni kwamba huku hakuna jiko la mkaa la kuzunguka, wala wewe wa kunifukuza nisiunguze sketi.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako huwa unaiweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikiliza, na jirani juu yake. Jambo hili ni letu wawili. Barua anakuja nayo mwenzangu wa Mbeya anayerudi likizo, ataikabidhi kwa kondakta wa basi la Sumbawanga.

Kazi ni ileile, kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Nasimama kwa saa nane kwenye mashine ya kupiga pasi, na mashuka yanakuja tu, yanakuja tu. Nikichoka nafumba macho kidogo naliona shamba letu, yale matuta ya duara tuliyokuwa tunafukia nyasi, wewe mbele na jembe, mimi nyuma nalalamika. Ulikuwa unaniambia, "Skola, mdomo wako ungekuwa jembe, tungemaliza jana." Siku zile nilikuwa nanuna mpaka jioni. Leo natamani hata kugombezwa huko, jamani.

Sasa nisikilize. Huku kila mwezi mshahara unakatwa kodi kabla haujanifikia, na mwisho wa mwaka kampuni inapiga hesabu upya. Wanakupa fomu, unaandika watu unaowatunza, hata kama wako nje ya nchi. Ukiwa nao, kodi inapungua, na kilichokatwa zaidi wanakurudishia pamoja na mshahara wa Desemba. Miaka sita nimekuwa naandika jina langu tu na kurudisha, maana maandishi yao yalinishinda na kuuliza niliona aibu. Mwaka huu dada mmoja Mfilipino tunayefanya naye kazi akanishangaa. "Yaani mama unaye, na kila mwaka unawaachia nauli yako ya kwenda kwenu?"

Nauli, kaka! Nilikwenda ofisini mbio, aproni bado kiunoni.

Karani wa mahesabu ni mama wa makamo, mpole, miwani imemshukia puani. Nikamwambia namtunza mama yangu, ana miaka sabini na miwili. Akataka karatasi ya kuonyesha kwamba ni mama yangu kweli, na karatasi za fedha nilizomtumia. Cheti changu cha kuzaliwa kina jina lake, hapo hapakuwa na shida. Nikamwaga risiti zangu zote mezani kwake. Akapekua moja, akapekua nyingine, akainua macho.

"Huyu Kalisti ndiye mama?"

"Hapana, ni kaka yangu. Zinapitia kwake."

"Na za mama ziko wapi?"

"Ndizo hizohizo. Kaka anamgawia. Mama anakula, anavaa, nyumba yake imeezekwa bati."

"Nakuamini," akasema, "lakini kila mtu lazima atumiwe kwa jina lake mwenyewe. Kwa karatasi hizi, mama yako hujawahi kumtumia kitu."

Mimi! Sijawahi kumtumia mama yangu kitu! Nilikwenda chumba cha kubadilishia nguo nikalia mpaka wenzangu wakadhani nimefiwa.

Hasira zilipopoa nikakumbuka nilikojifunzia kupitisha kila kitu kwako. Ilikuwa mwaka uleule Baba alipofariki, ukaacha shule kidato cha pili ili mimi niendelee. Niliuza maharage ya kile kipande changu cha shamba, nikampelekea Mama fedha, nimepiga magoti kabisa. Akarudisha mikono nyuma. "Mpe kaka yako kwanza, mimi nitapata kwake." Hata mgeni akituletea migebuka, wale samaki wa ziwani, kutoka Kabwe, Mama alikuwa haigusi mpaka ufike uigawe. Nawe uligawa kwa haki, wewe ukijibakizia mkia. Ndiyo maana tangu nifike huku haikunijia hata mara moja kwamba fedha ya nyumbani inaweza kupita njia nyingine.

Kesho yake karani akaniita tena, amefurahi kabisa. Akasema amepata ufumbuzi, kwamba wewe unaweza kuandikwa, kwa kuwa fedha zilizofika kwako zinatosha. Niweke sahihi tu kwamba wewe ndiye unayenitegemea, huna njia nyingine ya kuishi, na nitarudishiwa hata za miaka ya nyuma. Akanipa kalamu. Sikufichi kaka, niliishika. Nauli ilikuwa pale, mbele yangu. Lakini nikakuona na gunia la mahindi begani, unatafuta ada yangu, na mkono ukagoma. Nikamwambia, "Huyu hajanitegemea hata siku moja. Mimi ndiye niliyemtegemea." Akatikisa kichwa, akachukua kalamu yake.

Kwa hiyo limebaki jambo moja, na nakuomba usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Mpeleke Mama Sumbawanga asajiliwe laini ya simu kwa jina lake. Mashine yao ya alama za vidole ikikataa vidole vyake, maana jembe limevisugua, mpake mafuta kidogo mjaribu vya mkono wa kushoto. Fedha zikimfikia kwa jina lake kabla mwaka haujaisha, ataingia kwenye fomu yangu. Ada za wanao nitaendelea kukutumia wewe.

Najua watu watasema Skola amemvua kaka yake ukubwa. Na Mama mwenyewe atagoma, unamjua. Atasema fedha gani hiyo ya kumruka mwenye nyumba. Ni wewe tu ukimwambia pokea, ndipo atapokea. Mimi hata nikimlilia hatanisikia.

Nisingekusumbua kama si macho yake. Juzi tulipopigiana video aliisogeza simu mpaka puani, akauliza, "Huyu ni Skola au Devota?" Devota mwanao, kaka, mtoto wa darasa la sita! Nilicheka naye. Simu ilipokatika nililia. Nataka kuja nyumbani angali anaiona sura yangu.

Nisalimie wifi yangu, mwambie ile khanga aliyonifungia mizigo bado ninayo. Msalimie shangazi yetu wa Matai, mwambie huku hakuna ugali wa ulezi, nimekonda kwa kuukumbuka. Devota asome, aache kunililia simu.

Ukiona ni sawa, nitumie namba ya Mama, namba tupu bila maneno, nitaelewa. Ukiona nakuvunjia heshima, usinijibu. Sitauliza tena, wala sitanuna, nitaendelea kutuma kwako kama siku zote. Ila fomu nitairudisha hivyohivyo, sehemu ya Mama haina kitu, nikatwe kodi kama mtu asiye na mama.

Mdogo wako akupendaye,
Skolastika