Bomba Linalovuja Nyuma ya Jiko Langu

Alhamisi, kiangazi kimekolea.

Leo vumbi limeamka kabla yetu. Limeingia kwenye unga, kitandani, hata kwenye meno. Jana mawingu yalijikusanya upande wa Bahi, tukayatazama, yakaenda zao. Nina hasira tangu asubuhi na sina wa kumwambia, maana mume wangu yuko mbali na watandika reli, huko njia ya Tabora. Basi naandika.

Mama Nyemo ametoka kifungoni leo.

Ni jirani yangu, Mgogo, mjane, umri wake ni wa kunizaa. Tulipohamia Dodoma kutoka Kondoa ndiye aliyenipeleka korongoni akanionyesha pa kuchimba mchangani, mahali ambapo maji hayakosi hata mwaka wa njaa. Korongo hilo sasa limezungushiwa seng'enge. Serikali imechimba kisima chake palepale. Maji yanakwenda stesheni kunywesha magari ya moshi, mengine yanapita kwa bomba hadi kwenye nyumba za Wazungu.

Bomba hilo limepita uani kwangu. Hakuna aliyeniuliza. Walikata mpapai wangu, wakachimba, wakafukia nusunusu, na nyuma ya jiko chuma kimebaki wazi. Nikiinama kupuliza moto nayasikia maji yakipita kwenda kwa wenyewe.

Baada ya Ramadhani nilikwenda bomani kuomba na mimi niunganishiwe. Karani alinisikiliza vizuri, tena kwa adabu, na hiyo adabu yake ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Dada, amri inasema nyumba iwe ya mawe na bati," alisema. "Iwe na kisanduku cha chuma cha kupimia maji. Iwe na mfereji wa kutolea maji machafu. Wewe unakaa kwenye tembe la udongo."

Nikamwambia mfereji wa Bwana Mkubwa, Mzungu mwenye boma, unamwaga uchafu wake kando ya ua wangu.

"Mfereji anao," akasema. "Amri haikutaja uishie wapi."

Sisi wa tembe tumepewa bomba la sokoni. Hufunguliwa asubuhi kwa muda mfupi, kisha askari anafunga, hata kama mstari wa wanawake bado haujafika katikati.

Kisha kiungo cha bomba nyuma ya jiko langu kikaanza kuvuja. Tone, tone. Wakati huo Nyemo, binti wa jirani yangu, alikuwa ametoka kujifungua, na ndani ya nyumba yao hapakuwa na maji ya kumwogesha mtoto. Mama Nyemo akaja na kibuyu akakitega chini ya lile tone. Hakutoboa kitu. Hakuligusa bomba.

Askari wa zamu alipita akamkuta. Nami nilikuwepo, mikono imejaa unga.

"Yanamwagika tu hayo, bwana askari," nilimwambia. "Yataishia ardhini."

"Hata yakiwa ardhini ni ya Serikali," akajibu.

Akamchukua yeye na kibuyu chake. Nikawafuata hadi bomani nikaomba niseme nilichokiona. Niliambiwa nisubiri nje, na nilipoitwa ilikuwa ni kuambiwa niende nyumbani, shauri limekwisha. Mama Nyemo amefungwa kwa wizi.

Adhabu yake ilikuwa kumwagilia maua ya Bwana Mkubwa.

Nilimwona nikipita kupeleka mikate yangu ya kuuza stesheni. Ameinama na debe, analijaza kwenye bomba la uani kwa Mzungu, anamimina kwenye maua, anarudi kujaza tena. Maua yenyewe mekundu, hayaliwi wala hayaponyi mtu. Sikuthubutu kumwita. Nilijiambia namwonea huruma, lakini kweli ni kwamba nilikuwa naogopa pia.

Siku zote hizo nimekuwa nikigawana na Nyemo maji ninayopata sokoni. Hayatoshi. Mtoto ameota vidonda mapajani na kwenye mikunjo ya shingo, na mama yake anampangusa kwa majani.

Kiungo hakijatengenezwa mpaka leo. Linalofanyika ni jambo moja tu, kwamba askari anapita kuhakikisha hakuna aliyetega chombo. Maji yanadondoka, ardhi inayanywa, nyasi zimeota pale. Ndizo nyasi mbichi pekee mtaani kwetu.

Mchana huu nikaenda nyumbani kwao kumpokea jirani yangu. Njiani nilikuwa napanga maneno ya kumfariji.

"Mbukwa, mama," nikamsalimu kwa salamu ya kwao.

"Mbukwa, mwanangu."

Nilitegemea kukuta mtu aliyevunjika. Nilimkuta msafi. Nguo yake imefuliwa. Miguu yake, ambayo tangu nimjue ina nyufa kama udongo wa bwawa lililokauka, imelainika. Aliniambia alikuwa akinywa mpaka anatosheka, na kila asubuhi ananawa uso. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, huku akimtazama mjukuu wake amelala na vidonda vyake. Kisha akaniambia anachotaka.

"Baba yako alikufundisha kuandika. Niandikie kwa Bwana Mkubwa. Mwambie nataka kurudi kwenye maua yake. Asinipe mshahara. Jioni aniache nitoke na debe moja la mtoto."

Nilitaka kumgombeza, nimwambie wamemdhalilisha na sasa anawapelekea shingo kwa miguu yake mwenyewe. Mtoto akaamka akaanza kulia. Nyemo akamgeuza ili nguo isiguse vidonda.

Nimekubali. Kesho nitaandika, nitaipeleka mwenyewe, na karani ataisoma kwa adabu yake ileile.

Lakini nianzeje? Nimwambieje mtu kwamba mwanamke aliyemfungua leo anaomba afungwe tena, kwa sababu kwake kifungoni ndiko kwenye maji?